Kambale wa Papa Amisi Amepata Wenzake

La Rochelle, Johannesburg

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo, na ya Mama umfikishie mkononi. Nimesikia goti lake limepungua uvimbe ila usiku bado analalamika. Yale mafuta ya mkaratusi yamefika? Na mgongo wako je, maana wewe hujitaji mpaka uulizwe. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila nina uchovu ule ambao unalala nao na kuamka nao.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu yako siku zote iko kwenye spika na Mama yuko pembeni, na haya ni ya masikio yako peke yako. Barua anakuletea Bi Rukia, jirani yangu anayerudi Tanga.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, kitu gani kinanichelewesha wakati nimeshasema narudi tumuuguze Mama. La pili, nikija tutakaaje mimi na wewe katika vyumba viwili, sisi ambao kwenye msiba wa Baba tulinuniana mpaka watu wakaondoka, eti kwa kuwa nilihamisha jiko lako. Nianze na la kwanza. Cheka ukitaka: kilichonichelewesha ni samaki.

Nilikuambia habari za Papa Amisi, fundi cherehani Mkongo wa Uvira tuliyepanga naye nyumba moja. Mama yake aliugua, akaenda kwao, akaniachia tangi la kioo lenye kambale. Si kambale wa kwetu wa matopeni. Asili yake mito ya Amerika ya Kusini: mgongo mweusi, tumbo jeupe, mkia mwekundu, na sharubu za mzee wa baraza. Alimnunua akiwa kama kidole. Sasa ana urefu wa mkono wangu, akigeuka mkia unagonga kioo. Siku ya kuondoka Papa Amisi alinishika mkono akasema, "Mama Zuhura, usiiuzishe, usiikule. Mi narudia." Amana, dada, unajua tulivyolelewa. Hakurudi. Mama yake bado yuko kitandani, na mimi simlaumu.

Basi nikawa natoka saluni kule Bertrams, miguu imevimba kwa kusuka vichwa vya watu nimesimama, naingia nyumbani kumhudumia samaki. Umeme ukikatika pampu inazimika, nakaa nachota maji yake kwa kikombe na kuyamimina tena ili apate hewa. Bomba likikauka, na hapa hukauka mara kwa mara, nagombea maji ya lori na wapangaji wenzangu, nao wanajua kabisa kuwa ndoo moja ni ya nani. Mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kwa nini nisimkaange, yakaisha.

Juu ya hayo kambale akawa analala pembeni mwa tangi mchana kutwa, hatikisiki. Nikamtumia Papa Amisi ujumbe wa sauti, akajibu kuwa ni upweke, nimtafutie wenziwe. Nikanunua perege wadogo. Niliwaza kuwa aliyeshiba hana haja na jirani, kwa hiyo nikamlisha kamba kwanza mpaka tumbo likatuna. Asubuhi perege hawapo. Nikamshuku paka wa chumba cha pili, nikanunua wengine, nikafunika tangi kwa ubao na jiwe juu. Ubao ukabaki, jiwe likabaki, perege wakaenda. Paka nikamwomba radhi.

Ndipo nikafunga safari hadi Kensington, kwenye duka la samaki wa mapambo la Mrundi mmoja, Désiré. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunicheka.

"Dada, usipime tumbo, pima mdomo," alisema. "Kinachoingia mdomoni mwake hakikai naye nyumba moja."

Akanieleza kuwa upweke haupo, samaki huyu mchana ndivyo alivyo, hulala tu, na tangi lenyewe limeshakuwa dogo kwake. Nikamwonyesha samaki mwenye mdomo wa kunyonya, anayesafisha kioo. Nikaona huyo angalau ana kazi. Akakataa. Ana miiba, akimezwa anakwama kooni na wote wawili wanakufa. Asipomezwa, atamganda mkubwa ubavuni amnyonye ute mpaka ngozi iwe kidonda. Wa kukaa na kambale, alisema, ni samaki wapana wasiomezeka, wasio wachokozi, wanaoogelea juu wakati yeye yuko chini, na hata hao wapewe nafasi. Dada, naambiwa habari za samaki, nakuwaza wewe.

Nyuma ya duka ana birika kubwa kama chumba chetu, lenye samaki wa namna hiyo. Nikamwomba amchukue kambale, si wa kuuza. Akakubali. Nikampigia Papa Amisi kumweleza, akasema, "Ni sawa, mama. Ikae na wenzake. Na wewe uende kwa mama yako."

Tulimpeleka ndani ya pipa, kwenye pikapu ya rafiki yake Désiré, mimi nimeshika kifuniko kwa mikono miwili. Tulipofika, Désiré hakummwaga birikani. Kwanza alihamisha mawe yote na magogo yote, wenyeji wakawa wanazunguka hawajui waelekee wapi. Nikamuuliza kwa nini anawasumbua.

"Nikimuingiza hivi hivi, watamuona mwizi wa mahali pao," alisema. "Nikihamisha mawe, wote ni wageni."

Jumapili iliyofuata nilikwenda kumtazama. Hakuna aliyeliwa, hakuna aliyejeruhiwa. Yeye chini, wenzake juu. Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa nikalia, kwa uchovu tu.

Sasa hakuna kinachonizuia, ila naogopa. Nakuogopa wewe kuliko njia yote ya kuja huko. Umemuuguza Mama peke yako, nyumba imekuwa na mkono wako, na ni haki yako. Sitaki kuja kama mgeni wa kutengewa chai, na sitaki kuja kama mwenye nyumba.

Nisalimie Mjomba Salehe anayewaletea mkaa, na Shangazi Mwanatumu aliyenifundisha kusuka. Mwambie vidole vyake ndivyo vinavyonilisha. Hidaya mwanao mbusu, umwambie nitamsuka mwenyewe.

Na jibu la swali lako la pili ni hili. Siku nitakayofika usipike, na jiko usilitengeneze. Tuvitoe vyote uani, jiko, kabati, mitungi, vitanda, Mama akae kwenye kiti atuamuru, na sisi wawili turudishe ndani atakavyosema yeye. Jioni ikifika, nataka nikuulize kijiko kiko wapi, nawe uniambie hujui.

Nduguyo anayekuja,
Zuhura