Mlevi wa Kwenye Sinema

Iringa, 11 Juni 1955

Kwa Baba,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili, naomba barua hii ikukute nawe una nguvu, na kifua cha mama kimepoa.

Jumamosi gari la sinema lilikuja shuleni, wakatundika shuka jeupe ukutani. Ilikuwa habari ya mkulima mvivu asiyetaka kupiga matuta. Kwanza chungu cha pombe. Halafu wewe, baba, ukiruka na kutupa mikono, mdomo wazi. Halafu shamba la mahindi likibebwa na mvua. Kipaza sauti kikasema, “Mlevi anacheza, shamba lake linakwenda.” Shule nzima ikacheka. Esta, jirani yangu wa kitanda, akauliza, “Huyo si mzee aliyekuleta hapa?” Nikasema simjui.

Wewe mzee wa kanisa, uliyenikataza hata togwa. Nimeona kinyaa. Likizo ya Desemba nitabaki huku.

Mwanao,
Sekela

Mbeya, 3 Julai 1955

Kwa mwanangu Sekela,

Salamu nyingi. Hatujambo, kifua cha mama yako kinamsumbua asubuhi tu. Anauliza kama blanketi linakutosha.

Ni kweli nilicheza. Ni siku ile ya Machi tuliyomzika bibi yako, nawe uko shuleni. Unajua kwetu msibani wanawake hulia na wanaume hucheza. Mimi mzee wa kanisa nilishasema sitacheza tena. Ngoma ilipolia kwa ajili ya mama yangu, miguu haikunisikiliza. Mzungu wa sinema alikuja kupiga picha za kahawa, akaomba apige na mazishi. Nilikubali, nikifikiri siku moja utayaona, kwa kuwa hukuwahi.

Chungu hicho sikijui. Shamba hilo pia; sisi tuna migomba na kahawa, mahindi ya mteremkoni tumeyatoa wapi? Mdomo ulikuwa wazi kwa sababu nililia. Kilio chenyewe wamekipeleka wapi?

Mama yako nimemsomea salamu zako tu.

Baba yako,
Asukile

Iringa, 24 Julai 1955

Kwa Baba,

Shikamoo, na unisamehe. Baridi ni kali ila blanketi linatosha, mwambie mama.

Jana gari lilirudi. Nikamwendea Kasian, mwendesha mashine, nikamwambia yule si mlevi, yuko msibani. Akanipa mkanda wa picha niupapase kwa kucha, mahali ulipokatwa kwa mkasi na kuunganishwa kwa gundi. Chungu, gundi, baba yangu, gundi, mvua. “Mdogo wangu, hilo tu?” akasema. “Mimi nimeonyesha mbuzi wa Dodoma wakila mahindi ya Njombe.” Wamechukua machozi yako wakayafanya kichekesho cha watoto wa shule, na mimi nikawaamini wao.

Kisha sinema ikaanza, wakacheka tena. Baba, sikufungua mdomo.

Mwanao,
Sekela

Mbeya, 20 Agosti 1955

Kwa mwanangu Sekela,

Tunakusalimu sote, na mama yako amerudi shambani.

Gari limefika hata kwetu, uwanja wa mnada. Kipaza sauti kikasema mlevi, hakucheka mtu. Shangazi yako Damari akaliona kaburi, kule pembeni kabisa ya picha, akapiga yowe. Wanawake wakampokea, kilio kikazidi kipaza sauti. Jirani yetu Lutengano na wanaume wenzake wakasimama wakacheza. Mwenye gari akazima mashine, akauliza mahindi hayo yalikuwa ya nani hata tuyalilie hivyo.

Lakini hapa wote walikuwa msibani. Huko uliko, anayenijua ni wewe peke yako.

Baba yako,
Asukile

Iringa, 18 Septemba 1955

Kwa Baba,

Shikamoo. Naamini mmeshaanika kahawa na mvua haijawawahi.

Jana wameionyesha mara ya tatu. Ulipotokea nilikwenda kusimama mbele ya shuka, picha yako ikawa inacheza juu ya gauni langu. Nikasema, “Huyu ni baba yangu. Hapa anamzika mama yake.” Wengine wakaguna, wengine wakacheka, mwalimu akaniamuru niketi. Nikaketi. Esta akaninong'oneza, “Bibi yako aliitwa nani?” Nikamwambia.

Desemba nakuja. Unipeleke kaburini.

Mwanao,
Sekela