Ziwa Tulilokunyima

Leo mwaka umetimia, mdogo wangu, tangu lori lako likanyage bomu la kutegwa barabarani, ukiwapelekea wenzako maji ya kunywa. Mwaka mzima. Bado lori likipiga honi nje ya saluni yangu nainua kichwa, kitana mkononi, na mteja anabaki kuniuliza kulikoni.

Tumekukosa, Bwana Maji. Jeshini walikuita hivyo kwa heshima, nyumbani tukalichukua jina hilo kwa kukutania. Tumekosa ulivyokuwa ukila umesimama kama mtu anayekimbizwa. Ukipanda gari la mtu mwingine, mguu wako wa kulia ulikanyaga breki isiyokuwepo njia nzima, na dereva akikuuliza vipi, unamjibu, "Endelea tu, mkubwa, sijasema kitu." Likizo ukija kwangu ulijiketisha chini ya mashine ya kukaushia nywele na hicho kichwa chako kilichonyolewa kijeshi, ukawavunja mbavu wateja hadi nikashindwa kusuka. Nilikuwa nakufukuza. Leo ningekupa kiti hicho ukae hadi jioni.

Huruma yako uliificha kwenye utani. Mwenzako wa kikosini alitusimulia kwamba hukuwahi kumgawia mtu maji kabla hujayaonja mwenyewe, halafu unajifanya umesikia tu kiu. Sisi wenyewe hatukulijua hilo.

Sasa kuna jambo lazima tukuambie, na ni afadhali ulisikie kutoka kwetu.

Miezi mitatu baada ya kukuzika, alikuja karani wa ofisi ya ramani na fomu. Alisema imeamuliwa kwamba maziwa na vilima visivyo na jina vipewe majina ya wanajeshi waliofia kazini. Wewe ulipangiwa ziwa dogo ambalo kwenye ramani lilikuwa na namba tu. Mkeo alishatia saini yake, ikabaki ya mama mzazi. Mimi nilifurahi, sikufichi. Nyumbani tulikuwa tumeacha kabisa kulitaja jina lako, maana kila likitajwa Mama alikuwa anainuka na kujifungia chumbani. Nikaona angalau liandikwe mahali ambapo halitafutika.

Mama hakuigusa hata kalamu.

"Niliwapa mtoto, wao wananirudishia dimbwi?"

Nilimbembeleza wiki mbili. Mwishowe akasema yeye hatii saini kitu ambacho hajakiona kwa macho yake.

Basi tukaenda, Mama, mimi na karani, kwa gari la ofisi, kisha saa nzima kwa miguu, Mama akiwa mbele. Ziwa ni zuri, mdogo wangu. Ni dogo, limetulia, na ng'ambo unaiona bila kukaza macho. Mama alilitazama muda mrefu, halafu akamwomba karani kalamu. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Pale ukingoni palikuwa na mwanamke anasugua masufuria, na Mama, ambaye hawezi kumpita mtu bila kumsalimu, akamsalimu, akamuuliza wao huliitaje ziwa lile.

Yule mwanamke akataja jina la msichana.

"Huyo ni nani?" Mama akauliza.

"Alizama hapa. Zamani sana, mama, hata bibi yangu hakumwona."

"Na watu wake wako wapi?"

"Hakuna aliyebaki. Kilichobaki ni hilo jina tu."

Karani akawahi kusema kwamba jina hilo halimo kwenye rejista, kwa hiyo halina tatizo. Mama akamgeuzia uso unaoujua vizuri, ule aliokuwa akikugeuzia ukidanganya kwamba umeshaoga.

"Kijana, huyu naye alizaliwa na mtu. Andika jina lake."

Akarudisha kalamu. Karani, kwa upole, akamweleza kwamba kwa mwaka huu hakuna ziwa lingine. Mama akajibu kwamba amesikia.

Usidhani sikukupigania. Siku mbili sikumsemesha Mama. Siku ya tatu nikamwambia amekunyima wewe, mwanawe wa kumzaa, akampa mtu ambaye hata sura yake haijui.

"Yule binti hana pengine pa kukaa," akasema. "Wangu ana kwao."

Nami, kwa hasira, nikamjibu, "Ana kwao wapi, Mama, wakati humu ndani hatajwi?"

Akainuka, akajifungia chumbani. Nilijuta, ila neno lilikuwa limeshatoka. Hatukulizungumza tena.

Ramani mpya imetoka wiki iliyopita, na karani, Mungu ambariki, alituletea moja mwenyewe. Jana tuliitandaza mezani, Mama, mkeo, binti yako na mimi. Binti yako anasoma vizuri siku hizi. Alipitisha kidole hadi kwenye ziwa, akasoma jina la yule msichana, herufi ndogo za buluu, silabi moja moja. Machozi yakanitoka. Nilitaka liwe lako. Hata leo ninapoandika haya nataka liwe lako.

Mama akavua miwani, akaiweka juu ya ramani. Kisha akaliita jina lako. Hakulinong'ona, aliliita lote, kwa sauti ya mtu anayemwita mwanawe aje kula kabla chakula hakijapoa. Tangu mazishi hatukuwa tumelisikia kinywani mwake. Akaita mara ya pili. Tukageuka sote kutazama uani, hata mimi na utu uzima wangu, tukasubiri.

Hukuitika.

Akaita tena, na safari hii tukaita naye.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, mkeo, binti yako, mimi dada yako wa saluni, na wenzako wote wa kikosi cha usafirishaji. Tutakutaja siku zote za maisha yetu.