Sikuzimia, Dada

Kambini, 4 Mei

Dada mpenzi,

Shikamoo. Natumai hujambo wewe na shemeji, na mtoto ameacha kung'ata watu. Sisi huku wazima, ila simu wametunyang'anya mpaka fainali ipite, ndiyo maana unauona mwandiko wangu wa kuku. Barua anaitoa mama wa jezi, yule anayetufulia. Yeye hulala kwake.

Nina la kukuambia, na liishie kwako. Juzi mazoezini ilipigwa kona. Niliruka, Twiga, beki wetu wa akiba, naye akaruka, vichwa vikagongana. Yeye alipata nundu tu. Mimi nilianguka. Sikuzimia, Dada. Niliinuka mwenyewe, nikajipangusa nyasi, wenzangu wakacheka: "Komeo halivunjiki!" Lakini tangu hapo mwanga wa dirishani unanichoma macho, chai ina ladha ya msumari, na jana nilivaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, nikafunga kamba kabisa bila kugundua.

Fainali ni tarehe ishirini. Wakala wa klabu ya nje anakuja kunitazama mimi. Miaka saba nimeingoja siku hiyo! Usimwambie Mama, usimwambie mtu. Wewe unashinda kwenye chumba cha picha za ubongo. Nitajie tu dawa ya kunywa.

Mdogo wako,
Komeo


7 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Tu wazima, na mtoto bado anang'ata.

Dawa ya kuficha jambo hili sina. Sikiliza. Mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo si kama ya mkononi. Kuta zake zimebanana chembe kwa chembe, ili vinavyoelea kwenye damu visipenye ovyo. Ubongo nao una makomeo yake. Pigo dogo, hata lisilokuzimisha, linaweza kuyalegeza, na vitu vya damu vikaingia visikotakiwa. Kwa wengi hujifunga wenyewe baada ya siku au wiki. Kwa wengine huchukua miezi. Ninachokiogopa ni wewe kupigwa tena kabla hayajajifunga.

Mimi ndiye ninayewachoma wagonjwa sindano ya rangi kabla ya kuwaingiza kwenye mashine. Kisha naiona kwenye kioo ile rangi ikitoka nje ya mshipa. Naiona kwa watu waliokuja kwa miguu yao wenyewe, wakinitania.

Mwambie daktari wa timu leo. Usiguse mpira kwa kichwa. Sikuamuru, nakuomba.

Dada yako


10 Mei

Dada,

Shikamoo tena, na ushushe pumzi. Nilimwambia daktari kichwa kinauma kidogo, akanipeleka kupigwa picha. Safi kama sahani iliyooshwa! Hakuna ufa, hakuna damu. Hayo mengine sikumtajia, hakuniuliza.

Leo nimepiga mipira kumi na miwili kwa kichwa. Baada ya wa tisa nilikwenda nyuma ya bafu nikatapika, nikarudi. Kocha anasema hajawahi kuniona nikiruka hivi. Mpishi wa kambi naye anasema kichwa cha beki ni sufuria, kikibonyea kinapika vilevile.

Nikikaa benchi siku moja tu, nafasi imekwenda. Zimebaki siku kumi, Dada. Baada ya hapo nitapumzika hata mwaka mzima. Usiniharibie.

Mdogo wako


12 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo yako siiulizi, maana najua utanidanganya.

Picha uliyopigwa inaonyesha mfupa uliovunjika na damu iliyomwagika. Kule kuvuja ninakokuambia haikuonyeshi. Picha ikiwa safi haina maana kichwa ni kizima.

Barua yako nimeisomea koridoni, nikiwa na sare ya kazi. Nilipofika kwenye kutapika, nilikaa sakafuni, wagonjwa wakinitazama. Nimeishika simu nusu saa. Kisha nimempigia daktari wa timu, nikamsomea barua zako zote mbili, neno kwa neno.

Najua nilichofanya. Ulinipa siri, nami nimeitoa. Lakini kama ni kuchagua kati ya wewe kunichukia na sisi kukuzika, basi nichukie.

Dada yako


15 Mei

Kwako wa hospitali,

Salamu sina. Jana kocha alisoma orodha ya fainali mbele ya wote, mimi nimesimama mstari wa mbele nimejipanga, jina langu halimo. Nafasi yangu kapewa Twiga. Wakala atamtazama yeye.

Daktari ameninyooshea barua ya kunipeleka hospitali kuu kana kwamba nina ukoma. Wenzangu wananipa pole kwa sauti ya msibani.

Umenikata miguu kwa ulimi. Usiniandikie.

Aliyekuwa mdogo wako


3 Juni

Mdogo wangu,

Umesema nisikuandikie, nami sisikii. Nimesikia redioni mmeshinda fainali. Najua simu mmerudishiwa, maana Mama umempigia mara mbili; yangu hupokei.

Je, mwanga bado unakuchoma? Chai je? Hospitali kuu ulikwenda? Nijibu hata neno moja nyuma ya bahasha.

Dada yako


19 Julai

Mdogo wangu,

Leo nimemwingiza kwenye mashine msichana mwenye mabega kama yako. Nimekosea nikamwita kwa jina lako. Akaitika kwa adabu tu, maskini.

Sina lingine.

Dada


2 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nilikwenda hospitali kuu. Walinichoma ile rangi yako. Juu ya sikio la kushoto, mahali padogo kama kucha, ilikuwa inavuja. Wiki iliyopita wamerudia: pamefunga. Chai ni chai tena. Haya yote ningeweza kukuambia mapema, nikakunyima makusudi. Nisamehe.

Siandiki kwa hilo tu. Jumamosi nilikuwa benchi. Wakala alikuja tena, safari hii kumsainisha Twiga baada ya mechi. Dakika ya thelathini, shuti la karibu likampiga Twiga kwenye paji. Akaanguka, akainuka, akapunga mkono. Uwanja mzima ukampigia makofi. Kisha nikamwona anajipanga upande usio wake, ameupa mpira mgongo.

"Kocha, mtoe," nikasema.

"Mwache, yuko sawa."

"Hayuko sawa! Anamkaba kipa wetu!"

Nikaingia uwanjani na fulana ya benchi, nikamshika mkono, nikamvuta. Mwamuzi akanipa kadi nyekundu. Twiga alinitazama usoni akasema, "Una wivu tu, kwa sababu wamenichagua mimi." Alisema kwa sauti, kila mtu akasikia. Nami sikumwachia mpaka mstarini.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo aliniuliza mara tatu matokeo ni mangapi. Nilipomjibu mara ya tatu alianza kulia, akaniambia nitoke.

Daktari amemsimamisha wiki sita. Wakala ameondoka. Twiga hali meza moja nami, kitanda chake amekihamishia upande wa pili wa bweni. Nusu ya timu wanaamini ni wivu, na mimi mwenyewe nikijichunguza siwezi kuapa kwamba haukuwepo hata kidogo. Lakini asubuhi namwona akipiga mswaki dirishani, amefumba macho kwa sababu ya jua, yu hai, ananichukia.

Dada, wewe ulivumiliaje wiki zote zile?

Nipigie. Nitapokea.

Mdogo wako