Kabula Aingia kwa Daktari Peke Yake

Shinyanga, Alhamisi, 1987

Kumbe kukaa nje ni kazi! Tangu Kabula awekewe figo langu kule Nairobi, kwa daktari wa watoto mimi ndiye niliyekuwa namjibia. Leo ameanza kwa daktari wa watu wazima, nikaambiwa, "Mama Kabula, subiri nje. Binti atajieleza mwenyewe."

Nikatega sikio, sikuambulia kitu. Kuna siku anasahau dawa. Je, atasema?

Alipotoka nikamuuliza, "Mmeongea nini?"

"Nimesema kweli kuhusu dawa. Halafu nimemuuliza kama hili figo lako linazeeka na wewe au na mimi."

"Akasemaje?"

"Hajui. Ataulizia."

Hata mimi sasa nataka kujua.

Tukiwa njiani akanishika mkono. "Na wewe mama, hilo lililobaki haliumi?"

Hajawahi kuniuliza.