Konsoli Isiyopenda Salamu

Kindu, Mikelenge

Mama yangu mupenzi Hélène,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Mikelenge. Magoti yanaendeleaje? Na mihogo, imetoka vizuri? Wote wa hapo kijijini Tunda wako wazima? Sisi tuko, tunamushukuru Mungu, isipokuwa Blaise wa mama mudogo Philomène, ambaye ananuna tangu juma lililopita. Nitakueleza sababu.

Ulimutuma Masudi aniulize kama hii kazi yangu ya kompyuta njo kazi kweli. Njo kazi, Mama! Mimi na Blaise tumetengeneza muchezo. Mwanamuke anasukuma baiskeli yenye muzigo wa chumvi, kutoka Kindu mupaka Kibombo, wakati wa vita, treni zimesimama. Kila muntu anayekutana naye njiani lazima amusalimie: habari za nyumbani, za watoto, za mashamba, hata za mbuzi. Akimaliza, njo wanamuonyesha njia salama. Akipita kimya, wanamuacha aende zake, na huko mbele anaangukia mikononi mwa askari. Sisi tuliona ni jambo la kawaida kabisa.

Muchezo kama huo unaweza kukaa kwenye telefoni, ao kwenye konsoli, ile mashini inayofungwa kwenye televizyo. Blaise alitaka konsoli tu, alisema huko njo kwa wakubwa. Nikamuambia konsoli ina masharti kuliko wazazi wa bibi harusi: inataka kampuni yenye hati, inataka mashini ya kujaribia ya wenye konsoli wenyewe, inataka intaneti isiyokatika, na huku umeme unakuja unapotaka na kuondoka bila kuaga. Hakusikia. Tulihangaika miezi na miezi, mwishoni tukatuma.

Ee Mama, jibu likarudi! Wakaguzi wao huko ng'ambo walisema muchezo ni mubovu. Walicheza siku nzima na hawakuvuka kijiji cha kwanza. Kumbe mabwana wale walikuwa wanawapita watu bila hata "jambo", wanakamatwa, wanaanza upya, wanapita tena kimya! Nilicheka mupaka nikakohoa. Salamu zetu wakaziandika kuwa kasoro. Wakasema tuweke kitufe cha kuziruka, njo watatupokea. Blaise akasema tuweke, kitufe kimoja kinaharibu nini? Nikakataa. Tukagombana mupaka jirani yetu Emerance akaja mbio kuuliza nani amekufa.

Basi, konsoli tumeiacha. Muchezo uko kwenye telefoni, watu wanapasiana toka telefoni mupaka telefoni bila intaneti, na pale kivukoni nawasikia vijana wanaisalimia telefoni kwa sauti kubwa. Blaise bado hajanisamehe. Alikuwa ameisha kujisifia konsoli kwa wasichana wote wa kanisa.

Sasa, Mama, kuna jambo ambalo hata Blaise halijui. Mwanamuke yule wa baiskeli njo wewe. Hukunisimulia hata siku moja. Mama mudogo Philomène njo alinisimulia, tafadhali usimugombeze. Alisema nilikuwa mugongoni mwako, wenzako wa safari wanakuhimiza kwa hasira, na wewe ukasimama kumusalimia mama mumoja aliyekuwa anatwanga majani ya sombe. Ukamuuliza mupaka habari za mume wake. Njo akakunong'oneza kwamba askari wako darajani, upite porini. Wenzako waliotangulia hawakuonekana tena.

Nilipoelewa hayo nililia, Mama. Ningewekaje kitufe cha kumuruka mama yule?

Katika muchezo nimemuweka, lakini hana jina. Kama siku ile ulimuuliza jina lake, uniambie, nimuandike.

Unisalimie babu Donatien, na Yvette na kitoto chake, na Gérard pia, ingawa hajarudisha sufuria yetu. Mungu akulinde na akupe usingizi mwema.

Ni mimi, muzigo wako wa mugongoni,
Joëlle