Kinyamadege wa Kijito cha Kiwandani

Jumatatu, 14 Oktoba
Nimemwona! Kwa macho yangu haya mawili! Kinyamadege—mdomo wa bata, manyoya mwilini, mkia kama mwiko—anaogelea nyuma ya kiwanda chetu cha sufu. Miaka ishirini na sita tangu kifungwe. Enzi zetu kijito kile kilikuwa chekundu leo, buluu kesho, kutegemea tumetia sufu rangi gani. Hata chura hakuishi.
Nikapiga ukelele. Jirani yangu Coral akaja mbio na ndala.
“Wee Glenys, huyo panya!”
Panya gani! Akaibuka tena. Tukakumbatiana, tukaruka ruka—vikongwe wawili! Goti linaniuma. Liume tu.

Jumatano, 16 Oktoba
Mji mzima umerukwa na akili. Mwoka mikate anauza biskuti zenye midomo ya bata. Nimekula tano.
Jioni Coral kaja na habari: halmashauri itajenga njia ya matembezi kando ya kijito. Katapila linaanza kuchimba Jumatatu. Nikashangilia. Kisha nikakumbuka.
Mapipa!
Wiki ya kufunga kiwanda, meneja alituamuru tuzike mabaki ya rangi na dawa pale pale ukingoni. Mapipa arobaini. Mimi na Merv. Merv, marehemu mume wa Coral, ambaye kwake ni malaika.

Ijumaa, 18 Oktoba
Nilikwenda kumwambia Coral.
“Mbona una uso wa mwizi wa kuku?” akaniuliza.
Nikacheka. Nikanywa chai. Sikusema. Mwoga mimi!
Lakini kijitoni vinyamadege sasa wako wawili! Wawili!!

Jumatatu, 21 Oktoba
Naandika nimeketi chini, mbele ya katapila.
Dereva kazima injini. “Bibi, tafadhali, ondoka.”
“Siondoki! Chini hapa kuna sumu. Ukitoboa, yote kijitoni.”
Anapiga simu kwa wakubwa. Watu wamejaa, wengine wananipigia makofi.
Coral akajipenyeza. “Umejuaje wewe?”
“Tuliizika sisi. Mimi na Merv.”
Makofi yakakoma.
Alinitazama. Weee, alinitazama! Kisha akaketi matopeni kando yangu, na sketi yake ya kanisani. Gari la halmashauri hilo linakuja. Nimemwambia aende nyumbani, hili ni langu. Ameng'ang'ania mkono wangu wa kushoto, anaubana mpaka unauma, na haondoki.