Papa, Nimeigeuza Namba Yako

Papa,

Nakuandikia kwa Swahili bora, kwa sababu hukupenda niandike jinsi ninavyoongea. Ulisema barua ni kama shati la kwenda nalo misa, sharti lipigwe pasi kwanza. Leo pasi yangu haina moto sana, lakini nitajaribu.

Nianze na jambo lenyewe, maana nikizunguka nitashindwa. Nimeigusa tyuna ya bunduki yako, ule uzito mdogo wenye namba unaozungushwa mbele ya mtutu. Nimelegeza ile skrubu ndogo, nimekwangua ile rangi nyekundu, na namba uliyoiacha mdomoni mwa mtutu haipo tena.

Usikasirike kabla hujasikia.

Tangu Jumapili ile ulipoanguka sokoni Midi, mfuko wa majani ya sombe ukiwa mkononi, nyumba yetu ya Koekelberg, hapa Ubelgiji, imekuwa ya watu wawili wasioongea. Maman alivaa nyeusi, akapokea wageni, akamshukuru kila mmoja. Matanga yalipokwisha na mgeni wa mwisho kuondoka, alisimama kwenye korido, mbele ya kabati la chuma ulimokuwa ukifungia bunduki, akasema bila kunitazama: "Ile kintu itoke mu nyumba yangu mbele ya Pasaka."

Nikamjibu kwamba kibali sasa kina jina langu, kwamba ni bunduki ya michezo, inatoboa karatasi tu. Ni maneno yako hayo, Papa, niliyaazima kwako. "Karatasi," akasema, akaingia jikoni.

Wewe ulijua kwa nini. Mimi nilijua nusu tu: kwamba mdogo wake, mjomba wangu tonton Kasongo, alipigwa risasi Lubumbashi mbele ya nyumba yao kabla sijazaliwa, na kwamba jina lake halitajwi mezani kwetu. Wewe ulijua yote, na bado ulileta bunduki nyumbani. Sijui mlikubaliana vipi. Nimejiuliza sana, na hakuna wa kunijibu.

Tonton Lambert, rafiki yako wa klabu ya shabaha, alinipigia simu. Bado ni yule yule, Mbelgiji mzee aliyeacha ujana wake migodini Katanga, anayehama kutoka Kifaransa kuingia Swahili kila akikasirika. Aliniomba nichukue nafasi yako katika timu ya klabu kwa mashindano ya masika. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nadhani nilitaka Maman asikie.

Kisha risasi zako zikaisha.

Ulinifundisha kwamba risasi zilizotengenezwa pamoja, kwa mashine moja na baruti ile ile, ni fungu moja, na kwamba fungu jingine, hata likiwa na boksi linalofanana, ni mgeni asiyejua desturi za nyumba. Nilijua. Lakini nilipofungua boksi la fungu jipya na kulala kwenye mkeka wako kule klabuni Ganshoren, nilitegemea bunduki inikumbuke. Matundu yalipangana juu hadi chini kama vifungo vya shati, badala ya kukusanyika mahali pamoja. Nikapiga tena. Vifungo tena. Nikabadilisha mkao, nikakaza mkanda mkononi mpaka vidole vikafa ganzi. Nikajilaumu, kisha nikailaumu taa.

Tonton Lambert alikuwa amesimama nyuma yangu. Mwishowe akaichukua bunduki, akaifunga kwenye chuma cha majaribio ili mkono wa mtu usihesabiwe, akapiga kwa mafungu matatu tofauti. Lile la pili lilikuwa na nafuu, lakini bado matundu yalipanda na kushuka. Akaweka kidole juu ya tyuna, pale penye tone la rangi.

Hiyo rangi ya kucha ya Maman. Nakumbuka siku ulipoiomba. Ulikuwa umepata mahali mtutu unapotulia, na uliogopa namba isije ikasogea. Ukaenda chumbani, ukarudi na kichupa, ukatia tone moja pale chuma kinapokutana na chuma. Maman alikuwa mlangoni. Ulimwambia, "Nikope tu kidogo," naye akacheka, Papa. Akacheka karibu na bunduki. Sijamwona akifanya hivyo tena.

Ndiyo maana tonton Lambert aliposema, "Bon, tugeuze hapa," niliondoa mkono wake. Sikumsukuma kwa nguvu, lakini niliuondoa. Nilimwambia kwamba Papa aliiweka pale na pale itabaki. Akasema polepole: "Solange, ile namba ilikuwa ya zile risasi. Haikuwa ya papa yako."

Nilifunga mkoba nikaondoka bila kumuaga. Nilikasirika kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu alisema "ilikuwa".

Wiki ile nzima Maman alihesabu siku za kufika Pasaka kwa sauti. Alimwambia jirani, alimwambia padri, aliniambia mimi kwa njia ya kuwaambia wengine kwenye simu. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa na wewe upande mmoja na yeye upande wa pili, na katikati kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba.

Jumamosi iliyofuata nilirudi. Tonton Lambert alinipa bisibisi, akaenda kutengeneza kahawa. Nakushukuru kwa rafiki kama huyo. Rangi ilitoka kwa ukucha, kama ganda la kidonda. Nililegeza skrubu.

Uliniambia: "Mutoto, chuma yote inacheza. Weye tafuta fasi yenye inatulia." Nikafanya hivyo. Risasi inapopita, mtutu hutikisika. Macho hayaoni, ila karatasi inaona. Uzito mdogo ule wa mbele, ukiuzungusha mstari baada ya mstari, unabadilisha jinsi mtutu unavyotikisika. Nilizungusha kidogo, nikapiga karatasi safi. Nikazungusha tena, nikapiga nyingine. Vifungo vya shati vikaanza kusogeleana. Nikapita mahali pazuri bila kujua, vikaachana tena, nikarudi nyuma. Karibu na mchana matundu yaliingiana yakawa tundu moja lenye kingo chakavu. Nilirudia kwa karatasi nyingine ili nisijidanganye. Lilikuja lile lile. Nililala pale kwenye mkeka wako nikalia, na tonton Lambert akasoma gazeti ambalo nadhani alilishika kichwa chini.

Asubuhi ya mashindano Maman alikuwa amesimama mlangoni, amevaa koti lake la kanisani na kitambaa cheusi. Nilidhani anakuja kunizuia. Nilishajitayarisha kumjibu vibaya. Akasema: "Mi naenda na weye. Nataka nione kwenye bwana yangu alikuwa anaenda."

Tulikwenda kwa gari la tonton Lambert. Tulipita Basilika, Maman akafanya ishara ya msalaba, kisha akashika mkoba wake kwa mikono miwili hadi tulipofika. Wasimamizi walimpa vifunika masikio na kiti nyuma ya kioo. Risasi ya kwanza ya jirani yangu ilipolia, nilimwona akiruka mwili mzima. Hakutoka.

Nilianza vizuri. Katikati, risasi mbili zikapanda. Mbili tu. Nilijiambia: ni namba. Umeiharibu namba ya baba yako, na sasa analipiza. Bisibisi ilikuwa kando ya mkeka. Nilikumbuka mahali pako pa zamani kwa mstari wake hasa, na mkono wangu ulikwenda, Papa, ulifika hadi kwenye skrubu. Muda ulikuwa unakwenda. Nyuma yangu nilijua kuna mwanamke anayeruka kila mlio na ambaye bado amekaa.

Nikaondoa mkono. Nikapumua jinsi ulivyonifunza, nusu ndani nusu nje. Halikuwa kosa la tyuna. Nilikuwa nimenyanyua shavu kutoka kwenye kitako ili nimtafute Maman nyuma ya kioo. Nikalirudisha shavu mahali pake, nikapiga zilizobaki.

Hatukushinda. Klabu nyingine ilitupita kwa pointi chache, na tonton Lambert alitukana kwa Swahili mpaka watu wakageuka. Lakini karatasi yangu ya mwisho Maman aliiomba. Aliitazama muda mrefu, akaweka kidole juu ya tundu, na kidole kililifunika lote. Kisha akasema, taratibu kabisa, kama anayezungumza na karatasi: "Ule mutu alipiga Kasongo, hakumulenga. Alipiga tu. Minakaa miaka yote najiuliza kwa nini yeye, na hakumulenga hata."

Nilimshika mkono, akaniacha niushike.

Njiani kurudi aliongeza: "Lakini neno yangu ni ile ile. Itoke mu nyumba."

Imetoka. Sasa iko kwenye kabati la klabu, chini ya ufunguo wa tonton Lambert, na mimi nina kibali cha kwenda kuitoa. Sikumbishia tena. Nadhani hata wewe ungechoka kumwomba abebe zaidi ya hapo. Jumapili baada ya misa ameanza kunisimulia habari za mdogo wake: jinsi alivyopiga mluzi akiwa kwenye baiskeli, jinsi alivyoogopa bata. Anasimulia kidogo, kisha anarudi kwenye vyombo.

Sijatia rangi kwenye tyuna. Fungu hili nalo litakwisha, na nitaanza tena upya.

Papa, pumzika. Nakuahidi kwamba kila Jumapili nitabaki mezani na Maman mpaka amalize la siku hiyo, hata kama chakula kitapoa, na sitamharakisha.

Binti yako,
Solange